Kompyuta za Kale na Kazi ya Kuziiga: Habari za Domesday ya Pili

Mwishoni mwa mwaka 1085, wakati wa sikukuu ya Krismasi, Mfalme William wa Uingereza alikaa na wakuu wake wakashauriana juu ya nchi ile aliyoitwaa kwa upanga miaka 19 kabla. Alitaka kujua ana nini mkononi mwake: nani anamiliki ardhi ipi, ina plau ngapi za kukokotwa na maksai, vinu vingapi vya kusagia nafaka, malisho, misitu na mabwawa ya samaki, na vyote hivyo vina thamani gani. Maofisa wakatumwa mikoani, wakaapisha watu, wakauliza, wakaandika. Kazi kubwa ya uchunguzi huo ilifanyika mwaka 1086, na matokeo yake yakanakiliwa kwa Kilatini juu ya ngozi za kondoo. Wananchi walikiita kitabu hicho Domesday, yaani Siku ya Hukumu, kwa kuwa neno lililokwisha kuandikwa humo halikuwa na rufani. Kitabu kingalipo, katika Nyaraka za Taifa huko Kew, London. Mtu aliyesoma Kilatini na kujifunza mwandiko wa makarani wa zama zile hukifunua akakisoma kwa macho yake, bila ya kuomba msaada wa chombo chochote isipokuwa labda miwani.

Makala haya hayakusudii kueleza habari za Mfalme William. Yanahusu kitabu cha pili chenye jina hilo hilo, kilichotungwa miaka 900 baadaye, ambacho hakikuandikwa juu ya ngozi wala karatasi bali katika santuri za kusomwa kwa mwali wa leza. Kadhalika yanahusu kazi ngumu iliyowalazimu wataalamu kuifanya ili kitabu hicho cha pili kisipotee kabla watoto waliokiandika hawajazeeka. Kazi yenyewe ni ya kuifanya kompyuta ya leo ijifanye kompyuta ya jana. Kwa Kiswahili tutaiita uigaji, na programu inayoifanya tutaiita kiigaji. Mwalimu wa historia huenda akadhani kwamba jambo hili ni la mafundi na kwamba yeye halimhusu. Kwa maoni yangu linamhusu yeye kwanza, fundi baadaye.

Mnamo mwaka 1984 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, liliamua kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha mfalme kwa kutengeneza kingine. Mradi huo uliongozwa na Peter Armstrong wa BBC, na pamoja na shirika hilo yalikuwamo makampuni ya Acorn ya Cambridge, Philips ya Uholanzi, na Logica. Safari hii hawakutumwa maofisa wa kodi. Nchi iligawanywa katika vipande vya mstatili, kila kimoja kilomita 4 kwa 3, na shule zikaombwa kila moja ichukue kipande chake. Watoto wakatoka madarasani na madaftari na kamera. Walihesabu maduka, wakawahoji wazee, wakaandika juu ya kazi za wazazi wao, michezo yao, chakula, usafiri, mashamba na viwanda. Kila kipande kiliruhusiwa picha chache tu pamoja na kurasa kadhaa fupi za maandishi. Shule zaidi ya 9,000 zilishiriki, na watu walioshiriki kwa jumla walikadiriwa kufika milioni moja. Zilipokusanywa, kurasa zilizidi 140,000, na picha zilizopigwa na wananchi wenyewe zilizidi 20,000.

Yafaa tusimame kidogo hapa. Domesday ya kwanza ilikuwa sauti ya mwenye nguvu akihesabu mali ya wasio na nguvu. Ya pili, kwa sehemu yake kubwa, ni sauti ya mtoto wa miaka kumi na moja au kumi na minne akieleza mtaa wake. Wanahistoria wachache sana duniani wamewahi kupata hazina ya namna hiyo, kwa maana watoto ni nadra kuulizwa, na wanapoulizwa ni nadra maneno yao kutunzwa. Kwa hiyo tunapozungumzia hatari iliyoipata hazina hiyo, hatuzungumzii vyuma na nyaya peke yake.

Matokeo ya mradi yalitolewa mwezi Novemba mwaka 1986 katika santuri mbili kubwa, kila moja na upana wa sentimita 30, sawa na zile santuri za muziki ambazo wazee wetu walizipiga kwenye gramafoni. Ya kwanza iliitwa Santuri ya Jamii, nayo ndiyo iliyobeba kazi za shule pamoja na ramani za nchi nzima. Ya pili iliitwa Santuri ya Taifa; hiyo ilikuwa na takwimu za sensa ya mwaka 1981, picha za wataalamu, filamu fupi, na matembezi ya kupanga kwa picha, ambamo msomaji aliweza kupita katika mitaa na kuingia nyumbani mwa watu hatua kwa hatua akiwa ameketi kitini pake.

Ili kuzisoma santuri hizo ilihitajika kompyuta ya aina ya BBC Master, iliyotengenezwa na Acorn na kuongezewa prosesa ya pili ya kuisaidia, mashine ya Philips iliyoundwa kwa ajili ya santuri za namna hiyo, televisheni, na mpira wa kuviringisha kwa kiganja ili kuelekeza mshale kwenye kioo. Mtambo mzima uliuzwa kwa pauni 5,000 hivi. Hebu mwalimu afikiri bei hiyo kwa shule ya kijijini, hata iwe ya Uingereza. Shule nyingi zilizokiandika kitabu hazikuweza kukinunua, na watoto wengi hawakupata kuyaona maneno yao wenyewe yakitokea kwenye kioo.

Ama santuri zenyewe ziliundwa kwa ustadi wa ajabu. Kila upande mmoja ulichukua picha 54,000 za video, na katika njia ambazo kwa kawaida hubeba sauti ziliingizwa takwimu na maandishi kiasi cha megabaiti 324. Lakini picha hizo hazikuwa tarakimu. Zilikuwa mawimbi ya video ya analojia, kama yale yanayorushwa na mnara wa televisheni wa wakati ule. Kompyuta haikuzijua picha hizo kabisa. Iliiamuru tu mashine ya Philips kutafuta picha ya namba fulani, nayo mashine ikaipeleka picha kwenye kioo, kisha kompyuta ikachora maandishi yake juu ya ile picha. Mahali ambapo kompyuta haikuchora kitu, picha ya santuri ilipenya na kuonekana. Msomaji aliona kitu kimoja, kumbe mbele yake vilikutana vitu viwili visivyofahamiana, vikiwa vimefungwa mwendo pamoja kama maksai wawili katika nira moja.

Mashine hizo zilipoacha kutengenezwa, kitabu kilianza kufumba macho. Kufikia mwaka 2002 magazeti ya Uingereza yalikuwa yakiandika kwa mshangao kwamba kitabu cha ngozi kimeishi zaidi ya miaka 900 ilhali kitabu cha pauni milioni mbili na nusu kimekufa kabla ya miaka 16. Habari hiyo ilitiwa chumvi. Santuri nyingi zilikuwa nzima, na zilikuwapo bado mashine chache zilizofanya kazi mikononi mwa watu wachache. Kilichokuwa kikifa ni ujuzi na vipuri. Mpira wa ndani ukilegea, taa ya leza ikififia, hapakuwa na duka la kwenda kununua nyingine. Walakini, ukiondoa chumvi, chakula kinabaki: kumbukumbu za watu milioni moja zilikuwa zimetegemea uzima wa mashine chache zilizokuwa zikizeeka.

Sasa tueleze uigaji ni nini. Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alionyesha kwa hoja za hisabati kwamba inawezekana kuwepo mashine moja inayoweza kufanya kazi ya mashine nyingine yoyote ya kukokotoa, maadamu imepewa maelezo ya mashine hiyo. Msingi wa uigaji wote uko hapo. Matumizi yake ya kibiashara yalikuja na kampuni ya IBM ya Marekani, iliyotangaza kompyuta zake za System/360 mwezi Aprili mwaka 1964. Wateja wake walikuwa na programu nyingi zilizoandikwa kwa mashine ya zamani ya 1401, na hawakuwa tayari kuzitupa. Hivyo IBM ikaiwezesha mashine mpya kujifanya ile ya kale. Kiigaji hufanya kazi kama mkalimani mahakamani. Programu ya kale inatoa amri kwa lugha ya prosesa yake, kiigaji huisikia amri hiyo, huitafsiri kwa lugha ya prosesa ya leo, na kurudisha jibu lile lile ambalo mashine ya kale ingelitoa.

Kama mambo yangeishia hapo, kazi ingekuwa nyepesi. Kuiga hesabu si taabu. Mbili na mbili ni nne katika kila mashine. Taabu iko katika picha, na ili kuielewa hatuna budi kurudi kwenye BBC Micro, dada mkubwa wa ile BBC Master.

BBC Micro ilitoka mwezi Desemba mwaka 1981 kwa ajili ya kuwafundisha wananchi wa Uingereza matumizi ya kompyuta, na mashuleni ndiko ilikoenea. Prosesa yake, iliyoitwa 6502, ilikwenda kwa mapigo milioni mbili kwa sekunde, na kumbukumbu yake yote ilikuwa kilobaiti 32. Picha nzuri kuliko zote ililamba kilobaiti 20 kati ya hizo. Mtungaji aliyetaka picha safi alikuwa hana pa kuweka programu yake, na aliyetaka programu ndefu alipaswa kuridhika na picha hafifu. Kwa sababu hiyo mashine ilikuwa na namna kadhaa za kuchora: nyingine zenye nukta nyembamba na rangi mbili tu, nyingine zenye nukta pana na rangi nyingi zaidi.

Televisheni za wakati ule, zile ambazo watoto wetu wa mjini huziita za chogo, hazikuonyesha picha nzima kwa mara moja. Ndani ya chogo kile mwali wa elektroni ulifagia kioo mstari baada ya mstari, kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini, mara 50 kwa kila sekunde. Mstari mmoja ulichukua sehemu 64 za milioni moja za sekunde. Katika muda huo prosesa ya BBC Micro ilipata mapigo 128, hapungui wala haliongezeki hata moja. Watungaji hodari waligundua kwamba kama wakijua mwali uko mstari gani, wanaweza kuibadili namna ya kuchora katikati ya safari yake. Mwaka 1984 wanafunzi wawili wa Cambridge, David Braben na Ian Bell, walitoa mchezo uitwao Elite, wa kusafiri na kufanya biashara kati ya nyota. Sehemu ya juu ya kioo ilionyesha anga kwa nukta nyembamba zisizo na rangi. Sehemu ya chini ilionyesha vipimo vya chombo kwa rangi nne na nukta pana. Mashine haikutengenezwa kufanya mambo hayo mawili kwa pamoja. Vijana wale waliweka saa ndani ya programu, na kila mwali ulipofika mpakani, saa ilipiga, namna ya kuchora ikabadilishwa papo hapo, kisha ikarudishwa mwali ulipoanza tena juu. Mara 50 kwa sekunde, mfululizo, muda wote wa mchezo.

Kiigaji cha kizembe hungoja prosesa imalize shughuli zake za picha nzima, kisha huchora kioo chote kwa mkupuo. Kwa programu nyingi mtu hataona tofauti. Kwa Elite, picha itavurugika, kwa kuwa kiigaji hakikujua ni katika mstari gani namna ya kuchora ilibadilika. Hivyo kiigaji cha kweli hakina budi kuhesabu kila pigo la prosesa na kuujua kila wakati mahali ulipo mwali, ingawa mwali wenyewe haupo tena duniani.

Sisi tunaotunga mashairi ya arudhi twaweza kuielewa hali hii upesi kuliko wahandisi. Mshororo wa mizani 16 ukizidishwa mizani moja, sikio la Mswahili hulitambua kosa kabla akili haijahesabu. Maneno yanaweza kuwa yale yale na maana ikawa ile ile, lakini shairi limevunjika. Programu ya Elite ni utungo wa mizani 128 kwa kila mstari, na anayeunakili bila ya kuchunga mizani huleta maneno akaacha shairi. Ajabu ni kwamba kompyuta ya leo, yenye mapigo maelfu ya mamilioni kwa sekunde, haisumbuliwi na ukosefu wa mbio. Inasumbuliwa na kwenda polepole kwa kipimo. Ina shughuli nyingine mia moja, inakatizwa na hii mara ile, na kuikalisha itoe picha hasa kila baada ya sehemu ya 50 ya sekunde ni kazi inayohitaji hila.

Hata kama kipimo cha muda kimepatikana, bado kuna kioo chenyewe. Vioo vingi vya leo hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Ukitia picha 50 mahali pa 60, huna njia ila kila picha ya tano uionyeshe mara mbili, na maandishi yaliyokuwa yakiteleza vizuri kama mtumbwi huanza kurukaruka. Tena kioo cha leo kina idadi maalumu ya nukta isiyobadilika. Mistari 256 ya BBC Micro ikitandazwa katika kioo chenye mistari 1,080, kila mstari wa kale unadai mistari minne na kitu. Hicho kitu ndicho kinacholeta balaa: ama mistari mingine inakuwa minene kuliko mingine, ama picha inatiwa ukungu ili kuficha kasoro, ama inaachwa ndogo na kuzungukwa na weusi.

Isitoshe, nukta ya televisheni ya chogo haikuwa na kingo kali. Mwanga wake ulienea kidogo na kuwagusa majirani. Wachoraji wa enzi hizo waliijua tabia hiyo na kuitumia. Walipanga nukta za rangi mbili kwa kupishanisha, nayo televisheni ikazichanganya jicho likaona rangi ya tatu ambayo mashine haikuwa nayo. Mchoro huo huo ukiletwa kwenye kioo cha leo, kila nukta hukaa peke yake kama vigae vya sakafu, na kile kilichokuwa kivuli laini huonekana kama drafti. Hapo wataalamu hugawanyika. Wako wanaosema kwamba picha halisi ni zile tarakimu zilizomo katika kumbukumbu ya mashine, na mengine ni udhaifu wa vyombo. Wako wanaosema kwamba picha halisi ni ile iliyoonwa na macho ya watu, na kwa hiyo huongeza programu za kuiga hata ukungu wa kioo, kivuli kati ya mistari, na mbinuko wa kioo cha chogo. Mimi naegemea upande wa hawa wa pili, kwa masharti kwamba msomaji aelezwe. Mchoraji alichora akiitazama televisheni yake, hakuchora akizitazama tarakimu.

Wengine wamekwenda mbali zaidi katika kutafuta ukweli wa mashine za kale. Prosesa ya 6502 ilikuwa na amri ambazo mtengenezaji hakuziandika katika kitabu cha maelekezo, lakini watungaji walizigundua na kuzitumia. Ili kujua kwa hakika mambo yaliyomo ndani ya chipu hiyo, kikundi kilichojiita Visual 6502 kiliyeyusha gamba lake kwa tindikali, kikapiga picha uso wake kwa hadubini, kikafuatilia njia zake zote, na mwaka 2010 kikaonyesha kiigaji kinachoigiza transista zake zaidi ya 3,000, moja baada ya moja. Kiigaji hicho kilikwenda polepole mno kwa matumizi ya kawaida, lakini kilifaa kama ushahidi. Kinapotokea kiigaji kingine kinachobishaniwa, shauri hupelekwa kwake.

Kabla ya kurudi kwenye Domesday, niseme neno juu ya jambo la pembeni. Uigaji hauelekei nyuma daima. Katika miaka ile ile ambayo santuri zilikuwa zikiandaliwa, Acorn ilikuwa ikibuni prosesa mpya, na mmoja wa wabunifu wake, Sophie Wilson, aliandika katika BBC Micro programu ya kuiga prosesa hiyo kabla haijakuwepo, ili kujaribu amri zake. Mashine ya kale ilijifanya mashine isiyozaliwa bado. Prosesa yenyewe, iliyoitwa ARM, ilifanya kazi kwa mara ya kwanza mwezi Aprili mwaka 1985. Vizazi vyake ndivyo vilivyomo leo karibu katika kila simu ya mkononi, kutoka Kariakoo hadi Kigoma. Mwanafunzi anayeiga BBC Micro katika simu yake anamwagiza mjukuu amwigize bibi.

Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Leeds cha Uingereza na Chuo Kikuu cha Michigan cha Marekani vilianzisha pamoja mradi wa utafiti uliopewa jina la CAMiLEON, wa kuchunguza kama uigaji unafaa kuwa njia ya kuhifadhi kazi za kompyuta. Domesday ikawa mfano wao mkubwa. Kwa bahati njema, wapenzi wa kompyuta walikwisha kuandika viigaji vya BBC Micro kwa hiari yao. Kimojawapo, BeebEm, kiliandikwa na David Gilbert mwaka 1994. Lakini hakikutosha kuiga kompyuta. Ilipasa kuiga prosesa ya pili iliyofanya kazi sambamba na ya kwanza, kuiga mashine ya Philips na amri zake zote, na kuzigeuza picha za santuri kuwa tarakimu, maana hakuna programu inayoweza kuiga wimbi ambalo halijakamatwa.

Tufanye hesabu ndogo ambayo mwanafunzi anaweza kuihakiki. Picha moja ya televisheni ya Uingereza ikipimwa kwa nukta 720 kwa 576, na kila nukta ikipewa baiti tatu za rangi, inahitaji baiti 1,244,160. Zidisha kwa picha 54,000 za upande mmoja wa santuri, utapata gigabaiti 67. Programu yenyewe ya Domesday ilikaa katika kompyuta ya kilobaiti 128. Kuku, ukipenda, na banda lake la ukubwa wa uwanja wa mpira. Mwishoni mwa mwaka 2002 watafiti walionyesha Domesday ikifanya kazi katika kompyuta ya kawaida, ramani zake zikifunguka na maandishi ya watoto yakitokea juu ya picha kama zamani.

Hapana shaka msomaji atauliza: kwa nini taabu yote hii? Je, isingetosha kutoa maandishi na picha, kuziweka katika majalada ya kisasa, na kuiacha mashine izikwe? Njia hiyo nayo ilifuatwa. Kanda asili za video ambazo santuri zilitokana nazo zilipatikana mwaka 2003, zikanakiliwa kwa ubora kuliko santuri zenyewe. Na mwezi Mei mwaka 2011 BBC ilifungua tovuti iitwayo Domesday Reloaded, iliyoweka Santuri ya Jamii mbele ya kila mtu bila malipo. Ni kazi njema, na mtu anayetafuta kijiji cha bibi yake haihitaji nyingine. Lakini kitabu cha mwaka 1986 kilikuwa pia na namna yake ya kusomwa. Msomaji alianza na nchi nzima, akashuka mkoani, akashuka wilayani, mpaka akafika kwenye kipande cha kilomita 4 kwa 3, na hapo ndipo alipowakuta watoto. Mshuko huo ulikuwa hoja: kwamba taifa ukilikaribia vya kutosha ni watu wa mtaa fulani. Mwenye tovuti anaandika jina la mahali na kufika mara moja. Amepata habari, hakupata safari.

Sisi Tanzania tulichelewa kuzitumia mashine hizi. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ni katika miaka ya tisini ndipo zilipoanza kuonekana kwa wingi maofisini. Hata hivyo tatizo lenyewe limekwisha kutufikia. Katika ofisi moja niliyopata kutumikia liko kabati lenye disketi za taarifa za miaka hiyo, zimepangwa vizuri kwa tarehe, na hakuna mashine ya kuzifungua jengo zima. Kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, zenye muziki na mashairi ya kizazi kizima, nazo zinahitaji mitambo ya mizunguko ambayo haitengenezwi tena kwa wingi. Wakati huo huo Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya kale ni ya mwaka 1728, unasomeka bado, kwa sababu herufi za Kiarabu zinaendelea kufundishwa kwa watoto vyuoni na lugha ingali hai. Wino haukudai chochote zaidi ya hayo.

Katika miaka ya karibuni kazi ya Domesday imeingia hatua nyingine. Mradi wa watu wa kujitolea uitwao Domesday86 umeunda kifaa kinachounganishwa ndani ya mashine ya santuri ili kuidaka ishara ghafi inayotoka kwenye leza, kabla mitambo ya kale haijaitafsiri. Ishara hiyo hupimwa mara milioni 40 kwa sekunde, nayo kompyuta ya leo ndiyo inayoifasiri yote kwa programu. Maana yake ni kwamba sasa hata macho ya ile mashine ya Philips yanaigwa. Mkwaruzo ulioharibu picha katika santuri moja hutibiwa kwa kuisoma santuri ya pili, ya tatu na ya nne zilizotoka katika kalibu hiyo hiyo, kisha kulinganisha: pale ambapo moja imekosa, nyingine hujaza. Wanaohakiki tungo za kale kwa kulinganisha miswada wataifahamu kazi hiyo bila ya kuelezwa.

Limebaki suala la sheria, nalo si dogo. Nchini Uingereza haki ya mwandishi hudumu miaka 70 baada ya kufa kwake. Mtoto aliyeandika ukurasa wake mwaka 1986 akiwa na miaka kumi na moja sasa amevuka hamsini, na kwa kawaida ana miaka mingi mbele yake; watafiti wa zama zijazo watakuwa wakitafuta ruhusa ya maelfu ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote isipokuwa katika daftari la mahudhurio la shule. Tovuti ya Domesday Reloaded ilipofunguliwa iliwaomba watu hao warudi. Walialikwa kuongeza picha mpya za mahali pale pale na kuandika yaliyobadilika. Tovuti ilifungwa mwezi Juni mwaka 2018. Nakala yake inatunzwa na Nyaraka za Taifa huko Kew, ambako pia ndiko zilikowekwa ngozi za kondoo za Mfalme William.